Mtunza Taa na Globu za Doa Jekundu

Kabla ya kuitazama globu, aliisikiliza. Aliishika kwa vidole vitatu, akaisogeza sikioni, akaitikisa mara moja polepole, kama mtu anayetaka kujua kama nazi ina maji. Ndani kukilia kitu, hata mlio mdogo wa punje ya mchanga kwenye kioo, aliiweka upande wa kulia. Kusipolia kitu, aliiweka kushoto. "Nzima haisemi," alituambia sisi wahudumu wa wodi. "Ukisikia inasema, ujue uzi wake umeshakatika."

Nilifanya naye kazi katika hospitali ya kambi pale Nachingwea kwa miaka minne hivi, na mpaka leo sijui nimweke wapi. Kuna siku namwona alikuwa msomi asiyepata shule. Kuna siku namwona alikuwa mtu aliyechanganyikiwa zamani, akapata bahati ya kupewa kazi ambayo hakuna aliyeijua, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Mimi si mwepesi wa kuelewa mambo, na sioni haya kusema. Lakini yeye alizidi. Ulimwuliza jambo moja, akakujibu vizuri tu, ukaondoka na mambo matatu usiyoyajua.

Alikozaliwa sijui, na ukoo wake sikuuliza. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi za ofisini, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Kwetu alikuwa Mtunza Taa, na ukimwita unamwita Fundi. Mimi aliniita binti, ingawa nilikuwa nimeshaolewa nikaachika na nilijiona mtu mzima kabisa.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya wafanyakazi wa mashamba ya karanga. Wazungu waliokuja na matrekta kung'oa msitu ndio walioleta na mashine ya umeme, ikakaa kwenye banda la mabati nyuma ya jiko. Iliwashwa saa kumi jioni, na siku za mvua nyingi iliwashwa mapema zaidi. Ikishanguruma, vijiko vilicheza mezani.

Mashine inapoanza hukohoa, hupanda, hushuka. Wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kugusa swichi. Fundi alisimama mlangoni mwa banda, mkono ameuinua, mpaka mlio utulie. Ndipo alipokwenda chumba kwa chumba kuwasha mwenyewe, na akishawasha hataki kuona mtu akizima mpaka mashine ilale. Tulikuwa na sista mkuu, mzungu mkali, aliyependa taa ya stoo ya mashuka izimwe kama hakuna mtu ndani. Walivutana wiki nzima. Sista anazima, Fundi anakuta giza, anakaa nje ya stoo ameshika kichwa kama aliyefiwa.

"Globu inachoka kwa kuwaka," aliniambia, "lakini kinachoiumiza zaidi ni ile kuwashwa."

"Kwa nini, Fundi?"

"Uzi ukiwa baridi unapokea umeme mwingi kupita kiasi, wote kwa mkupuo. Hauna cha kuuzuia. Ukishapata moto unajibana wenyewe, umeme unapita kwa kipimo. Sasa kama uzi umeshachakaa, ule mkupuo wa kwanza ndio unaoukata."

Nikamwambia kila ninachokijua mimi kikipata moto hulegea. Nta hulegea, mafuta hulegea, hata watu hulegea. Akanitazama kwa huruma.

"Basi uzi huu si nta," akasema, akaondoka zake.

Tena hakutaka taa ziwake kwa nguvu zake zote. Alielewana na dereva wa mashine aipunguze kidogo, taa zetu zikawa za njano kama samli. Alidai ukiupunguza umeme sehemu ndogo tu, globu inaishi mara mbili na zaidi, na ukiuzidisha sehemu hiyohiyo ndogo, globu haifiki mbali. Nilimwuliza inakuwaje kidogo kilete kingi hivyo. Akasema mzungu wa mashine alimwambia kwamba ndivyo ilivyo, lakini hakumwambia kwa nini, au pengine alimwambia kwa Kiingereza.

Huyo mzungu wa mashine ndiye aliyemfundisha yote. Alikuwa mtu mpole, wa chupa, hana rafiki hata kwa wenzake. Walikaa wawili bandani mchana, mzungu anachora kwa mkaa sakafuni, Fundi anatikisa kichwa. Kiswahili cha yule mzungu kilikuwa cha kuombea chai tu, kwa hiyo sijui walielewana kwa lugha gani. Nadhani hata Fundi alielewa nusu, na ile nusu nyingine akaijaza mwenyewe usiku akiwa amelala.

Jambo lililonichanganya kuliko yote ni weusi. Globu ikizeeka, kioo chake huingia weusi kama wa moshi. Nami kazi yangu mojawapo ilikuwa kusafisha taa asubuhi, mashine ikiwa imelala. Siku moja nilisugua globu ya chumba cha kuzalia kwa jivu mpaka mkono ukafa ganzi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni muda wote ananitazama.

"Binti, wewe uko nje," akasema mwishowe. "Weusi uko ndani."

"Umeingiaje ndani, na kioo kimezibwa?"

"Haukuingia. Ulikuwemo. Huo ni uzi wenyewe, unatoka kidogo kidogo unakwenda kukaa kwenye kioo."

"Uzi si chuma?"

"Ni chuma."

"Chuma kinatokaje?"

Akanionyesha kanga zilizoanikwa uani. "Zile zikikauka, unaona maji yanavyoondoka?"

"Sioni."

"Lakini yanaondoka."

"Ni maji, Fundi. Chuma hakikauki."

"Kikiwa chekundu kwa moto, hakikauki. Kikifika kuwa cheupe, kinakauka."

Nilirudi wodini nikamweleza mwenzangu kwamba chuma kinakauka kama kanga, na mwenzangu akaniambia nikapumzike.

Alipoona sijaelewa, siku nyingine akanichukulia mfano wa njia. Kwetu ni Mtua, na ukitoka huko kuja mjini kuna bonde ambalo masika huimega njia ukingoni. Yeye alipajua. "Pale njia ilipo pana," akasema, "watu wanapita wakiongea. Pale palipomegeka, watu ni walewale na mizigo ni ileile, lakini sasa wanasukumana, wanakanyaga ukingo, udongo unaporomoka. Kesho pamebana zaidi, wanasukumana zaidi. Haya niambie, njia hiyo itakatikia wapi?"

"Palepale."

"Na uzi ni hivyo. Haulingani wote. Tangu kiwandani kuna mahali pembamba kuliko pengine, macho yetu hayapaoni. Hapo panapata moto kuliko kwingine, panakauka kuliko kwingine, panazidi kuwa pembamba."

Hili nililielewa, na kwa siku mbili nilitembea nikijiona nami fundi. Siku ya tatu nikamwuliza: kama ni hivyo, mtu akiitazama globu inavyowaka si ataona kwamba imebakiza siku chache? Akasema hapana, inaweza kuwaka sawasawa mpaka dakika yenyewe. Nikawa nimerudi nilikotoka.

Nyumbani kwake Naipingo hakukuwa na taa. Watu hawaniamini nikiwaambia, lakini nilikwenda mwenyewe, kumpelekea mkewe dawa ya kifua. Nilifika jua linataka kuzama, nikawakuta wanakula ugali na kisamvu kwa haraka kana kwamba wana safari. "Kula, binti, tunataka kufunga," Fundi akaniambia. Mkewe akacheka kwa uchovu. "Hata kibatari hataki humu ndani. Anasema taa ikiwaka yeye halali, anaifikiria."

Na huyohuyo ndiye aliyetengeneza vibatari vya eneo zima. Globu iliyokufa aliitoa kitako chake cha shaba, akaisafisha ndani, akatia mafuta ya taa na utambi, akamfungia mama aliyejifungua aondoke nacho. Naipingo na Mtua kulikuwa na nyumba nyingi zilizomulikwa na globu zilizofia kwenye wodi yetu. Ya kwake haikuwemo.

Hakuamini uchawi hata kidogo, lakini hakuruhusu mtu apige mluzi ndani ya stoo yake. Nilidhani ni kwa sababu ya mtikisiko, maana alisema kutikiswa nako kunaua, na makasha ya globu yakija na lori kutoka Lindi alipanda kwenye lori akayapakata kama watoto. Nilipomwuliza, alisema hapana, mluzi ni utovu wa adabu tu.

Juu kabisa ya rafu ya stoo hiyo palikuwa na kiboksi kimoja kimefungwa kwa pamba ya vidonda. Ndani mlikuwa na globu mpya ambayo haijawahi kuwashwa. Haikuwa mali ya hospitali. Mzungu wa mashine alimpa mkononi siku alipoondoka, na Fundi akaiweka huko juu. Kila mwezi aliishusha, akaisikiliza, akairudisha. Nilimwuliza inangoja nini. "Siku yake," akasema.

Kisha karanga zikashindwa. Wazungu wakaondoka mmoja mmoja, sista mkuu naye akaenda, makasha ya globu yakaacha kuja. Akabaki daktari mmoja, mkunga mmoja, dresa wa kufunga vidonda na sisi. Mashine ilibaki, na Fundi akabaki na globu zake zinazozeeka. Hapo ndipo alipoanza kufufua.

Alichukua globu iliyokatika, akaielekeza dirishani, akaigeuzageuza mpaka zile ncha mbili za uzi zikutane na kunasana. Kisha, bila kuitikisa, akaiwasha palepale kwenye waya wake wa majaribio. Cheche ikaruka, ncha zikashikana, globu ikawaka. Dresa aliyekuwepo siku ya kwanza alisema astaghfirullah, akatoka nje.

Na iliwaka kuliko mpya. Ilikuwa nyeupe, inaumiza macho. Tukafurahi sana, tukadhani shida yetu imekwisha. Fundi yeye alichukua rangi nyekundu iliyobaki tangu walipopaka msalaba wa gari la wagonjwa, akatia doa kwenye kitako cha kila globu aliyoifufua. Kisha akazipeleka zote chooni na kwenye ukumbi wa kuelekea stoo ya mkaa. Katika chumba cha kuzalia akaacha ileile kongwe, nyeusi nusu ya kioo, ya njano.

Hapo alitushinda. Chooni mtu aliweza kusoma barua, na chumba cha kuzalia tulikuwa tunatafuta mkasi kwa kupapasa. Daktari alimwita akamwuliza kama anatania.

"Hizi zinaondoka, bwana daktari," alijibu. "Zinawaka hivyo kwa sababu zinaondoka. Uzi umekuwa mfupi, umeme unapita mwingi kuliko zamani, na pale paliposhikana pamekaa vibaya. Inaweza kufika kesho, inaweza isifike jioni. Chooni mtu akikumbwa na giza atacheka."

Daktari akakubali, au akachoka. Ikawa sheria ya hospitali: doa jekundu haliingii chumba cha wagonjwa. Mimi niliona ni roho mbaya tu. Niliona anatunyima kizuri ili tumwone yeye ni wa maana. Nilisema hivyo jikoni, kwa sauti, na nina hakika alisikia, kwa sababu alininunia siku tatu.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Ilikuwa masika. Walimleta mdogo wangu kutoka Mtua asubuhi, wamembeba kwenye kitanda cha kamba, uchungu wa mimba ya kwanza. Kufika saa tisa alasiri mvua ilikuwa imefunga kila kitu, madirisha ni kijivu tupu, mashine ikawashwa mapema. Mkunga alikuwa mama mtulivu, lakini nilimwona anainama, anainuka, anainama tena. "Sioni vizuri," akasema. "Huyu mtoto amekaa vibaya, na mimi sioni vizuri."

Fundi alikuwa bandani, maji yalikuwa yanaingia kwenye mkanda wa mashine na yeye na dereva wanahangaika nao. Sikumwendea. Nilichukua stuli, nikaenda chooni, nikazima, nikaifungua globu ya doa jekundu kwa aproni yangu. Nikarudi, nikaizima ile kongwe, nikaitoa, nikatia hii.

Mkunga aligeuza kichwa akaona kitako chekundu. "Fundi ameruhusu?"

"Ameruhusu," nikasema.

Nikabonyeza swichi, chumba kikawa cheupe. Mkunga akasema ahsante. Mdogo wangu akafumbua macho akaniona, akatabasamu, naapa alitabasamu. Nilijisikia nimeshinda. Nilikuwa nimeshinda mvua na Mtunza Taa kwa pamoja.

Sijui ilikaa dakika ngapi. Nilisikia mlio mdogo kama wa kucha inayokatwa, na chumba kikatoweka. Nikapanda stuli, nikaitoa ikiniunguza, nikatia ile kongwe. Ilikuwa imeshapoa. Nikabonyeza. Ukatoka mwanga wa samawati mara moja, basi. Nimekaa na Fundi miaka minne ananiambia jambo hilohilo, kwamba kinachoua ni ile kuwashwa, na nililikumbuka kidole kikiwa bado juu ya swichi.

Chemli ilikuwa na mafuta, kiberiti kilikuwa kimelowa. Kilipopatikana kingine na taa ikaja, mtoto alikuwa ameshatoka kwenye giza, mikononi mwa mkunga anayepapasa. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni. Hakulia. Mdogo wangu alipona, na baadaye alizaa wengine wanne. Yule wa kwanza alikuwa wa kiume.

Mkunga aliniambia kwamba kamba ilikuwa shingoni tangu mwanzo, na hata mwanga pengine usingesaidia. Nilimwuliza hilo pengine ni kubwa kiasi gani. Akainama kukusanya mashuka.

Kesho yake daktari alituita ofisini, mkunga, mimi na Fundi. Globu zote mbili zilikuwa mezani. Mkunga alieleza alichokijua: taa ya doa jekundu iliwekwa, na aliambiwa Fundi ameruhusu. Daktari akamgeukia Fundi.

"Uliruhusu?"

Fundi alinitazama. Hakunikazia macho, hakukasirika. Alinitazama namna alivyokuwa akiitazama globu kabla ya kuamua upande wa kuiweka. Nami nilikuwa na neno mdomoni, nimelishika kwa meno, na sikulitoa. Niliogopa kazi, lakini zaidi nilimwogopa mdogo wangu aliyekuwa amelala chumba cha pili. Angesema nini akijua ni mkono wangu?

"Niliruhusu," Fundi akasema.

Aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Alikunja mkeka wake, akashusha kiboksi chake cha pamba, akafunga mzigo kwenye baiskeli akaondoka. Hakuniaga. Bila yeye, globu zilikufa moja baada ya nyingine, watu wakiwasha na kuzima wanavyopenda, na kabla ya mavuno tulikuwa tumerudi kwenye chemli na karabai. Mashine nayo ikachukuliwa.

Miaka ikapita. Niliolewa tena, nikazaa, na lile swali likakaa nami kama mgeni asiyeaga. Kwa nini alisema aliruhusu? Kama alinionea huruma, mbona aliondoka bila kuniaga? Kama alikuwa akimlinda mkunga, mkunga hakuwa na kosa. Nilifika mahali nikadhani labda aliruhusu kweli na mimi ndiye niliyesahau, na hapo nikajua kwamba nisipomtafuta nitapata wazimu. Mdogo wangu sikumwambia. Ametangulia mbele ya haki mwaka jana, ndiyo maana leo nathubutu kuandika.

Nilisikia kwamba Fundi yuko Ruangwa, anatengeneza karabai. Nikapanda lori la ufuta, nikafika saa nne asubuhi. Nilimkuta kwenye baraza ya duka karibu na soko, ubavuni mwa fundi cherehani, amezungukwa na karabai zisizo na vioo. Alikuwa amekonda na nywele zimekuwa nyeupe, lakini mikono ni ileile.

"Karibu, mama," akasema. "Imeharibika nini?"

"Shikamoo, Fundi. Sikuleta taa."

"Sema kwa nguvu. Masikio yameondoka."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamtajia hospitali, chumba cha kuzalia, mvua ile. Akaniangalia usoni, na midomo yake ikaanza kutabasamu taratibu. "Binti," akasema.

Basi ikawa hivyo, kwamba jambo nililolificha miaka yote hiyo nililisema kwa kupiga kelele sokoni Ruangwa. Nikasema ni mimi niliyeitoa chooni. Nikasema ni mimi niliyedanganya kwamba ameruhusu. Nikasema nilinyamaza ofisini. Fundi cherehani alisimamisha mguu. Mwanamke aliyekuwa anauza mihogo akageuka mzima mzima. Nilikuwa nalia na nimekasirika, kwa sababu ilinibidi baadhi ya maneno niyarudie mara mbili.

"Najua," Mtunza Taa akasema. "Stuli uliiacha palepale chini ya taa. Mimi sikuwahi kutumia stuli, nilikuwa na ngazi."

"Sasa kwa nini ulisema uliruhusu?"

Aliinuka, akaingia ndani, akakaa humo mpaka nikadhani ameniacha. Alirudi na kile kiboksi. Pamba yake ilikuwa imegeuka rangi ya udongo.

"Siku ile asubuhi, mashine imelala, niliitoa ile kongwe nikaitazama dirishani," akasema. "Uzi ulikuwa umelegea, unacheza. Nikajua haina siku nyingi. Nikaenda stoo nikaishika hii. Nikasema leo naiweka kule wanakozaliwa watoto. Nikaona uchungu kuitumia, binti. Nikasema bado, kesho. Nikairudisha juu, na ile kongwe nikaitia mahali pake kwa mkono huu." Akakifuta kiboksi kwa kiganja. "Daktari ananiuliza, uliruhusu? Sasa kama si mimi, nani aliruhusu?"

Nilikuwa nimekuja na mzigo nikitegemea ama aupokee ama anirudishie, na yeye alikuwa na wake, wa siku ileile, wa chumba kilekile. Sikujua kama wangu umepungua au umeongezeka.

"Wanasema umeme utafika na huku," akaendelea. "Ukifika, zahanati watajenga chumba cha kuzalia. Nimeshamwambia mganga. Hii ndiyo itakayowashwa kwanza. Nitaiweka mwenyewe, na kama sipo ataiweka yeye. Nilikuja nayo kwa baiskeli kutoka Nachingwea, nimeifunga kifuani." Akaifungua ile pamba polepole. Globu ilikuwa safi, kioo hakina hata kivuli. Akanikabidhi. "Isikilize. Tangu masikio yaondoke sijaisikia, na hapa hakuna ninayemwamini."

Niliishika kwa vidole vitatu. Nikaisogeza sikioni. Nikaitikisa mara moja, polepole, kama nilivyomwona akifanya miaka ile.

Ilisema. Ilikuwa sauti ndogo sana, punje moja ya mchanga kwenye kioo. Nikaitikisa tena, nikiomba iwe ni pete yangu imegonga. Ikasema tena.

Fundi alikuwa ameinama mbele, anautazama mdomo wangu. "Inasemaje?"

"Haisemi, Fundi," nikamjibu kwa sauti kubwa, soko zima likasikia. "Nzima."